Kusoma vihisi vya simu: phyphox, Sensor Logger, Termux, kivinjari au programu yako mwenyewe?

Ukiuliza njia ipi ya kusoma vihisi vya simu ni sahihi zaidi, utajibiwa kwa majina ya programu. Lakini usahihi wa kipimo haumo kwenye programu. Akselerometa, yaani kihisi cha mchapuko, ni chipu moja iliyochomelewa kwenye bodi ya simu, na kwenye Android kila anayetaka namba zake hupitia mlango mmoja, yaani huduma ya mfumo inayosimamia vihisi. Phyphox haina akselerometa bora kuliko kivinjari chako. Zinapoachana ni kwenye muda: nani anaandika saa ya kila kipimo, vipimo vinakuja vingapi kwa sekunde, na nini kinatokea kioo kikizimika. Ukishajua kazi yako inadai nini kwa hayo matatu, umeshachagua.

Ulinganisho huu ni wa Android hasa. iPhone ina kanuni zake, nazo zipo mwishoni.

Kabla ya kuchagua, jua simu ina nini

Simu nyingi za bei ya chini zina akselerometa, kihisi cha mwanga na cha ukaribu, basi. Jairoskopu (ya mzunguko) na magnetometa (ya usumaku) huachwa ili kupunguza gharama, na barometa (ya shinikizo la hewa) ni ya simu za bei ya juu. Kibaya zaidi, baadhi ya simu huorodhesha "jairoskopu" ambayo si chipu bali ni hesabu inayokisia mzunguko kutoka kwa vihisi vingine. Usiamini karatasi ya dukani. Ulizia simu yenyewe.

Njia inayofichua mengi ni adb, zana ya kompyuta ya kuipa simu ya Android amri kwa waya. Kwenye simu fungua mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7 ili kufungua menyu ya wasanidi, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, kisha kwenye kompyuta andika:

`adb shell dumpsys sensorservice`

Utapata mstari kwa kila kihisi. Angalia vitu vinne. Jina na mtengenezaji: ukiona LSM6DSO ya STMicroelectronics au BMI160 ya Bosch, hiyo ni chipu halisi yenye akselerometa na jairoskopu ndani yake. Ukiona jairoskopu ambayo jina lake halina namba ya chipu yoyote na mtengenezaji ni kampuni ya simu yenyewe, tilia shaka. Pili, maxRate, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo kihisi kitakubali. Tatu, FIFO, foleni ya ndani ya chipu: ikiwa sifuri, vipimo havina pa kusubiri kichakato (CPU) kikilala, vinapotea. Nne, alama ya wakeUp au non-wakeUp, inayokuambia kama kihisi kinaweza kuiamsha simu iliyolala.

Kipimo cha juu, kwa Kiingereza maximum range, utakipata kwenye programu yoyote inayoorodhesha vihisi. Kikiwa 39.2 maana yake akselerometa inakomea 4g, yaani mara nne ya uvutano wa dunia, 78.4 ni 8g. Ukiigonga simu yenye kikomo cha 4g kwa nguvu, grafu itapanda hadi 39.2 na kukatika bapa juu kama imekatwa kwa rula. Hakuna programu itakayokurudishia kilichokatwa.

Kasi: hapa ndipo wengi wanapopotea

Android ina kasi nne zilizotajwa kwa majina. NORMAL ni kipimo kimoja kila milisekunde 200, yaani vipimo 5 kwa sekunde (5 Hz). UI ni kila milisekunde 60. GAME ni kila milisekunde 20, yaani 50 Hz. FASTEST ni kadiri chipu inavyoweza. Programu nyingi za bure za "kuonyesha vihisi" hutumia moja ya zile mbili za kwanza bila kukuambia, maana kazi yake ni kuchezesha namba kwenye kioo.

Chukua barabara. Gari likienda 40 km/h linapita mita 11.1 kwa sekunde. Kwa 5 Hz unapata kipimo kimoja kila mita 2.2, na shimo lenye upana wa nusu mita linaweza kupita katikati ya vipimo viwili usilione kabisa. Kwa 50 Hz ni kila sentimita 22. Kwa 100 Hz ni kila sentimita 11, na hapo umbo la shimo linaanza kuonekana. GPS nayo hutoa nafasi mara moja kwa sekunde kwa kawaida, yaani kila mita 11, kwa hiyo mahali pa shimo lazima upakisie kati ya nukta mbili za GPS kwa kutumia muda. Saa ikiwa mbovu, shimo litahamia kwa jirani.

Mashine ya kusaga ni mfano mkali zaidi. Mota ya umeme wa 50 Hz iliyoandikwa 1440 kwenye bati lake huzunguka mara 24 kwa sekunde; iliyoandikwa 2880 huzunguka mara 48. Ukitaka kuona mtetemo wa Hz 48, vipimo lazima vizidi 96 kwa sekunde. Ukipima kwa 50 Hz, mtetemo huo haupotei: unajitokeza kama mtetemo wa 2 Hz ambao haupo. Ukipima kwa 60 Hz unajitokeza kama 12 Hz. Fundi atahangaika kutafuta kinachotikisika mara 12 kwa sekunde na hatakipata. Na kwa kuwa shafti zisizonyooka hujionyesha mara nyingi kwenye mara mbili ya mzunguko, yaani 96 Hz kwa mota hiyo, hata 200 Hz ni ya kubania. Kelele za beringi ziko juu zaidi ya hapo. Akselerometa ya simu si chombo chake.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | phyphox | Sensor Logger | Termux | Kivinjari | Programu yako |
|---|---|---|---|---|---|
| Muda wa kila kipimo | upo | upo | haupo, unauongeza | upo, wa kivinjari | nanosekunde za mfumo |
| Kasi | kadiri simu inavyotoa | unachagua | ya chini, usiitegemee | mwisho 60 Hz | 200 Hz, zaidi kwa ruhusa |
| Kioo kikizimwa | haifai | inaendelea | mara nyingi inaendelea | inakoma | ulivyoandika |
| Data inakaa | kwenye RAM | kwenye faili | unapoielekeza | unapoituma | unapoiandika |
| Kuandika msimbo | hapana | hapana | mistari michache | kidogo | nyingi |
| iPhone | ndiyo | ndiyo | hapana | ndiyo | ndiyo, msimbo tofauti |

Phyphox

Imetengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kwa ajili ya masomo ya fizikia. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo. Kwa jaribio fupi, la dakika moja hadi nusu saa huku umeishika simu au umeiona kwa macho, hii ndiyo chaguo la kwanza na sioni sababu ya kutafuta nyingine. Chagua jaribio la mchapuko wenye g au usio na g, bonyeza pembetatu ya kuanza, simamisha, kisha kwenye nukta tatu chagua kuhamisha data kwa CSV au Excel. Mstari wa kwanza wa faili unataja vipimo: sekunde na m/s².

Ukihofia kwamba kidole chako kinachobonyeza ndicho kinachoitikisa simu, kwenye menyu hiyohiyo kuna kuendesha kwa muda: weka kuchelewa sekunde 5, kupima sekunde 30, iache mezani, ondoa mkono.

Kitu kinachoitofautisha kabisa ni kuiona kutoka kompyuta. Washa ruhusa ya kufikiwa kwa mbali kwenye nukta tatu. Phyphox itakuonyesha anwani, kwa Android ikiwa na mlango (port) 8080, ambayo utaiandika kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Hapo unaanzisha na kusimamisha ukiwa mbali, na grafu inachorwa mbele yako. Anwani hiyohiyo inajibu programu nyingine:

`http://192.168.43.1:8080/control?cmd=start`

`http://192.168.43.1:8080/get?accX&accY&accZ&acc_time`

Ya pili inarudisha thamani za mwisho kwa JSON, muundo wa maandishi ambao programu huusoma kirahisi. Ukiandika `accX=full` unapata zote tangu mwanzo; ukiandika `accX=12.5|acc_time` unapata zile tu zilizokuja baada ya sekunde ya 12.5, ambayo ndiyo njia ya kuvuta data kila mara bila kurudia ya zamani. Majina ya safu hubadilika kulingana na jaribio, basi fungua kwanza `/config` uone yanavyoitwa kwenye lako.

Yanayokwamisha ni machache na hujirudia. Wi-Fi ya hoteli au chuo mara nyingi huzuia kifaa kimoja kuongea na kingine; washa hotispoti ya simu yenyewe, unganisha kompyuta humo. Anwani ya 192.168.43.1 ni ya hotispoti za Android za zamani. Simu za karibuni huibadilisha, soma inayoonyeshwa. Tena mlango huo hauna nywila: aliye kwenye mtandao huo anaweza kukusimamishia kipimo.

Mpaka wake ni kwamba data inakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya simu, mpaka uihamishe. Simu ikipigiwa ukaingia kwenye dirisha lingine, kipimo kinasimama, na programu ikifungwa na mfumo, umepoteza. Safari ya saa sita kwa basi siyo kazi ya phyphox.

Sensor Logger

Hii ndiyo ya safari ya basi. Unaweka alama kwenye vihisi unavyotaka, GPS ikiwemo, unachagua kasi, unaanza kurekodi, unazima kioo na kuiweka simu mahali pake. Ukimaliza unapata faili moja ya zip yenye CSV ya kila kihisi. Toleo la bure linatosha kwa kazi nyingi. Kuna vitu vya kulipia.

Fungua CSV kwa makini. Safu ya kwanza ni muda kwa nanosekunde kuanzia 1970, ya pili ni sekunde tangu uanze, kisha zinafuata z, y, x kwa mpangilio huo, siyo x, y, z. Mtu anayesoma safu kwa namba badala ya jina atageuza mhimili wa juu kuwa wa pembeni, na hesabu zote zitaonekana za kawaida huku ni za uongo. Pia faili inayoitwa Accelerometer imeshaondolewa uvutano. Mchapuko wenye uvutano umo kwenye TotalAcceleration.

Excel itakusaliti mapema. Karatasi yake moja ina mistari 1,048,576, ambayo kwa 100 Hz inajaa kabla ya saa tatu kutimia, na kwa 400 Hz kabla ya dakika 44. Zaidi ya hapo inakata mkia wa faili. Tumia pandas ya Python, lugha ya R, au gawa faili kwanza. Uzito wa faili si tatizo kubwa: mihimili mitatu kwa 100 Hz ni takriban MB 25 kwa saa kabla ya kubanwa.

Kinachoiua Sensor Logger, na programu yoyote inayofanya kazi nyuma ya pazia, ni vibana-betri vya watengenezaji wa simu. Utaanza kurekodi Morogoro na kukuta faili imeishia Chalinze. Kabla ya kazi, fungua mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya betri, chagua isiyo na vizuizi. Kama simu ina programu ya "meneja wa simu" ya kampuni, iondoe humo pia kwenye orodha ya zinazofungwa. Zima hali ya kuokoa betri. Halafu jaribu kwa dakika 20 kioo kikiwa kimezimwa, ufungue faili uone kama kuna pengo la zaidi ya sekunde kati ya mistari. Jaribio hilo halirukwi.

Inaweza pia kutuma data moja kwa moja kwa HTTP au MQTT kwenye seva yako, kama unajenga kitu cha kuangalia papo hapo. Kwa kupima tu, faili ni salama kuliko mtandao.

Termux

Termux ni programu inayokupa laini ya amri ndani ya Android. Ukiwa umeizoea laini ya amri, au unataka simu ya zamani ikae dirishani ikipima mwanga kila dakika na kuandika kwenye hifadhidata, Termux inapendeza. Unahitaji vitu viwili na watu husahau cha pili: kifurushi kinachowekwa kwa `pkg install termux-api jq`, na programu nyingine kabisa ya Android iitwayo Termux:API. Zote mbili zitoke chanzo kimoja, ama F-Droid ama GitHub. Zikichanganywa, sahihi zake hazilingani na Android itakataa kusakinisha ya pili. Ukiwa na kifurushi bila programu, amri inaganda tu bila kusema lolote.

`termux-sensor -l`

inaorodhesha majina. Nakili jina kamili kutoka hapo, maana neno accelerometer peke yake linaweza kugusa pia kihisi kile ambacho hakijarekebishwa. Kisha:

`termux-sensor -s "LSM6DSO Accelerometer" -d 20 -n 500`

Hapo -d ni milisekunde kati ya kipimo na kipimo, -n ni idadi ya vipimo. Unachopata ni JSON yenye thamani tatu, na hapa ndipo Termux inaanguka mbele ya wengine: hakuna muda ndani yake. Unaweza kuuongeza kwa jq, zana ya kuchambua JSON:

`termux-sensor -s "LSM6DSO Accelerometer" -d 20 | jq -r --unbuffered '[now] + .[].values | @csv' > data.csv`

lakini muda huo ni wa mstari kufika kwa jq, siyo wa chipu kupima. Kati yake kuna programu mbili na mfereji wa data, na simu ikiwa na kazi nyingi, mistari mitano inaweza kusubiri kisha ikafika pamoja na muda unaokaribia kulingana. Kwa mwanga, joto, shinikizo la hewa au mwelekeo wa simu iliyotulia haina neno. Kwa mtetemo wa mota, achana nayo.

Andika `termux-wake-lock`, inayozuia simu kulala, kabla ya kuiacha simu. Ukikatiza amri vibaya na betri ikaanza kushuka, kihisi kimebaki wazi. Amri `termux-sensor -c` inakifunga. Na ukiona ujumbe wa signal 9 kwenye Android 12 na kuendelea, mfumo umeua michakato yako kwa kuwa ni mingi, si kosa la hati yako.

Kivinjari

Faida yake moja ni kubwa: anayepima hasakinishi chochote. Darasa la wanafunzi 40 lenye simu za kila aina linafungua kiungo na kuanza. Tukio la devicemotion linatoa mchapuko kwa m/s² na mzunguko kwa nyuzi kwa sekunde, wakati programu za Android hutoa radiani kwa sekunde. Zidisha hizo radiani kwa 57.3 kabla ya kulinganisha.

Hasara zote zimewekwa makusudi kwa ajili ya faragha. Chrome haivuki 60 Hz, inazungusha mchapuko kwenye 0.1 ya m/s² iliyo karibu, na inanyamaza ukurasa ukifichwa. Na lazima iwe HTTPS. Ukiendesha seva kwenye kompyuta na kufungua anwani ya http ya mtandao wa ndani, hakuna kosa linaloonekana. Matukio hayaji tu. Kwa kujaribu, chomeka USB, andika `adb reverse tcp:8000 tcp:8000`, halafu fungua `http://localhost:8000` kwenye simu, kwani localhost inahesabiwa salama.

Programu yako mwenyewe

Ni kazi ya siku kadhaa, na inalipa pale tu unapohitaji muda sahihi kabisa, kasi ya juu, au simu nyingi zinazofanya kitu kimoja bila mtu kuzigusa. Kiini chake ni mstari mmoja wa Kotlin:

`sm.registerListener(kisikilizi, kihisi, 5000, 0, handler)`

5000 ni mikrosekunde, yaani 200 Hz. Ni ombi, si amri: mfumo unaweza kukupa kwa kasi zaidi ikiwa programu nyingine imeomba zaidi. Kwa programu inayolenga Android 12 na kuendelea, 200 Hz ndiyo dari ya akselerometa, jairoskopu na magnetometa mpaka utangaze ruhusa ya HIGH_SAMPLING_RATE_SENSORS kwenye manifesti. Ukiomba zaidi bila hiyo, programu inaanguka kwa SecurityException. Kuna mtego juu yake. Mwenye simu akizima maikrofoni kwa kitufe cha faragha cha simu nzima, vihisi vya mwendo vinabanwa hata kwa mwenye ruhusa, kwa sababu akselerometa yenye kasi inaweza kunasa mitetemo ya sauti. Ukiona simu moja kati ya kumi imekwama 200 Hz, angalia kitufe hicho kabla ya kugusa msimbo.

Muda uchukue kwenye `event.timestamp`, siyo saa ya mfumo ndani ya kisikilizi. Ni nanosekunde tangu simu iwashwe, na unaugeuza kuwa saa ya kawaida kwa kupata tofauti mara moja mwanzoni: `System.currentTimeMillis() * 1000000` toa `SystemClock.elapsedRealtimeNanos()`. Usiipate upya kila mara. Simu ikisawazisha saa yake katikati ya kipimo, data yako itaruka.

Mengine matatu huleta hasara kimyakimya. Tukio unalopewa si mali yako, mfumo unaweza kulitumia tena, kwa hiyo nakili thamani zake papo hapo badala ya kuhifadhi kitu chenyewe. Ukikosea hapa utapata mistari mia yenye namba zilezile. Usiandike kwenye faili ndani ya kisikilizi kwa kila kipimo. Weka kwenye foleni, uzi mwingine (thread) uandike kwa mafungu. Na tangu Android 9, programu iliyo nyuma haipewi matukio ya akselerometa wala jairoskopu. Unahitaji huduma inayoonyesha arifa, ambayo tangu Android 14 lazima itajwe aina yake, pamoja na wake lock ya PARTIAL, kizuizi cha kichakato kulala, vinginevyo kichakato kitalala na kihisi kisicho cha kuamsha simu kitanyamaza nacho.

Makosa yasiyotibiwa na programu yoyote

Laza simu mezani kioo kikitazama juu. Mhimili wa z usome karibu na 9.78, ambao ndio uvutano wa ukanda wetu wa ikweta, 9.81 ya vitabuni ni ya latitudo za kati. Ikisoma 9.6 au 10.0, chipu ina kosa lake. Lipime kwa kuweka simu kwa kila uso kati ya sita: kwa kila mhimili, jumla ya kipimo cha juu na cha chini ukigawa kwa mbili ni kosa la sifuri, tofauti yake ukigawa kwa mbili ndiyo uvutano unavyosomwa na mhimili huo. Hesabu hiyo ya dakika tano inaondoa kosa kubwa kuliko lolote utakaloepuka kwa kubadilisha programu.

Kava la mpira ni sponji. Unapopima mota, vua kava, bandika simu kwa gundi ya pande mbili kwenye chuma chenyewe, karibu na beringi. Kishikio cha sumaku kinabana vizuri lakini kinaharibu magnetometa, ambayo huku kwetu inapaswa kuonyesha mikrotesla thelathini na kitu. Ikionyesha 200, kuna sumaku au chuma karibu, mara nyingi kwenye kava la kufunga kama pochi.

Vipimo haviji kwa nafasi sawa hata ukiomba sawa. Kabla ya kufanya uchambuzi wa masafa, toa muda wa kila mstari kwa uliotangulia, uangalie wastani na ule mkubwa kabisa, kisha pima upya data kwenye gridi ya muda iliyo sawa. Barometa nayo huchukuliwa poa: karibu na usawa wa bahari, badiliko la hektopaskali moja (hPa 1) ni takriban mita 8 za kimo, kwa hiyo ghorofa moja ni kama 0.4 hPa, na upepo ukifunga mlango tu grafu inaruka.

Ukiwa na iPhone

Phyphox na Sensor Logger zipo, na ndizo za kuanzia. Kihisi cha mwanga hakipatikani kwa programu yoyote ya nje, usipoteze muda. Vihisi vya mwendo kwa kawaida vinaishia 100 Hz. Kwenye Safari, tangu iOS 13, lazima uite `DeviceMotionEvent.requestPermission()` kutoka ndani ya mguso wa kitufe. Ukiiita ukurasa unapofunguka inakataliwa.

Ukiandika mwenyewe kwa CoreMotion, kumbuka mambo mawili unapochanganya na data ya Android. Mchapuko unatoka kwa g, siyo m/s², na alama yake ni kinyume: iPhone iliyolala kioo juu inasoma z ya −1, Android iliyolala vilevile inasoma +9.8. Zidisha kila mhimili kwa −9.80665 kabla ya kuweka grafu mbili kwenye karatasi moja. Kwa saa, shika simu zote mbili kwa mkono mmoja, zigonge mezani mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni. Mapigo ya kwanza yanakupa tofauti ya saa, ya mwisho yanakuonyesha saa moja imeikimbia nyingine kwa kiasi gani.